Herufi Nzito za Mlazo Katika Mitaa ya Lubumbashi

Kazi yangu ni kuchora na kuchapa mabango mjini Lubumbashi, na sura ya herufi ambayo wateja wangu huiomba kuliko nyingine zote ni ile nzito, iliyoinamia kulia, isiyo na serifi, yaani isiyo na vile vikia vidogo vinavyomalizia mistari ya herufi za vitabu. Wachache huitaja kwa jina lake. Mwenye basi husema anataka maandishi yanayokimbia, mwenye duka la simu husema anataka maandishi yenye nguvu, kijana anayeandaa mashindano ya mpira ya mtaa hunyoosha simu yake na kusema, "Kama hivi, papa," na wote watatu huwa wanataka kitu kimoja. Ni sura ninayoipenda sana. Kwa sababu hiyo naumia kuona jinsi inavyotendewa, kwa maana sehemu kubwa ya ile tunayokutana nayo barabarani haikuchorwa na mtu yeyote. Mtu alichukua herufi ya kawaida, akabonyeza G, yaani gras, ili iwe nzito na I, yaani italique, ili ilale, kwa kuwa kompyuta zetu nyingi husema Kifaransa, kisha akapeleka kazi kwenye mashine. Ninaamini kwamba herufi hii haipatikani kwa kubonyeza vitufe viwili, na kwamba anayeilipia anastahili kupewa ile iliyochorwa kweli.

Uzito, mlazo na kukosa serifi ni mambo matatu yaliyozaliwa mbalimbali na katika nyakati tofauti. Mlazo ndio mkongwe kuliko yote. Ulitoka Venice, katika kiwanda cha mchapaji Aldus Manutius, ambako fundi Francesco Griffo alichonga herufi za kuinama zilizotumika mwaka 1501 kuchapa kitabu kizima cha mashairi ya Vergilius. Zilikuwa nyembamba na ndogo, zilizokusudiwa vitabu vya kushika mkononi, wala hazikuwa na kazi ya kutilia neno mkazo. Herufi za chapa zisizo na serifi zilionekana London mwaka 1816 katika orodha ya mtengeneza herufi William Caslon wa Nne, tena herufi kubwa peke yake. Uzito nao ulikuzwa na matangazo ya karne ya 19, lakini matumizi yake ndani ya maandishi ya kawaida yanahusishwa zaidi na fonti (yaani seti ya herufi za sura moja) ya Clarendon, iliyotolewa na Robert Besley mjini London mwaka 1845, ambayo iliwafaa watengeneza kamusi waliotaka neno linaloelezwa lionekane upesi kwenye ukurasa.

Kuyaunganisha mambo hayo matatu katika familia moja ya herufi iliyopangwa ni hasa kazi ya karne ya 20, na aliyeifanya kwa mpango ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mchoraji wa herufi Adrian Frutiger. Fonti yake ya Univers, iliyotolewa na kampuni ya Deberny & Peignot ya Paris mwaka 1957, ilipewa nambari badala ya majina: tarakimu ya kwanza huonyesha uzito, ya pili huonyesha upana na mlazo. Herufi ya kawaida ni 55, mlazo wake ni 56, nzito ni 65, na nzito ya mlazo ni 66. Ukiitazama orodha hiyo unaona kwamba 66 ilitengewa kiti chake tangu mwanzo, ikachorwa pamoja na ndugu zake, wala haikuokotwa baadaye kama kiraka. Mwaka huohuo wa 1957 ilitolewa nchini Uswisi herufi ya Max Miedinger na Eduard Hoffmann ambayo mwaka 1960 ilipewa jina la Helvetica.

Kuna njia mbili za kuilaza herufi isiyo na serifi. Helvetica na Univers zinafuata njia ya kuinamisha umbo lilelile lililosimama na kulisahihisha: Helvetica huinama kwa nyuzi 12, na Univers ya asili iliinama kwa nyuzi 16, kiasi kinachoonekana waziwazi. Njia ya pili ni ya kubadilisha umbo lenyewe ili lifanane zaidi na mwandiko wa kalamu, kama ilivyo katika Gill Sans, iliyochorwa na Eric Gill na kutolewa na Monotype kuanzia mwaka 1928, ambayo herufi yake ya a hubadilika kabisa inapolala. Njia zote mbili zina heshima yake, na zote mbili zinadai mkono wa mtu.

Kwa nini zinadai mkono wa mtu? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Chukua herufi o nzito iliyo duara kamili, yenye unene uleule pande zote, kisha iambie kompyuta iisukume kulia kwa nyuzi 12 bila kuigusa vinginevyo. Duara hilo huwa yai lililoelekea juu kulia. Pande za juu kulia na chini kushoto, unene wa mstari huongezeka kwa takriban asilimia 11. Pande za juu kushoto na chini kulia, hupungua kwa takriban asilimia 10. Katika herufi nyembamba tofauti hiyo ni unywele tu, na jicho huipita. Lakini kwenye bango la ukuta ambalo unene wa mstari ni sentimita 5, upande mmoja utakuwa na zaidi ya sentimita tano na nusu na mwingine utakuwa na nne na nusu, na hapo o inaonekana kana kwamba imekanyagwa ikiwa bado mbichi. Ukiisukuma kwa nyuzi 16, kosa hukua hadi asilimia 15 kwa upande mnene na 13 kwa upande uliokonda. Kadiri herufi inavyokuwa nzito na inavyolala zaidi, ndivyo makosa ya mashine yanavyokuzwa. Hii ndiyo sababu herufi nzito ya mlazo huharibika vibaya kuliko nyembamba ya mlazo inapoachiwa kitufe.

Mchoraji mwenye ujuzi huyarudia mapindo yote ya o, c, e, s, b, d, p na g, akipunguza pale palipovimba na kuongeza pale palipokonda, mpaka jicho lione unene mmoja. Pia hupunguza upana wa herufi kidogo, kwa sababu herufi inayolala huonekana pana kuliko ilivyo.

Kitufe cha uzito kina dhambi zake pia. Programu nyingi, zisipokuwa na faili ya herufi nzito, huongeza unene uleule kuzunguka mchoro mzima. Matokeo yake ni kwamba uwazi ulio ndani ya a na e hubanwa, na pale mstari wa duara unapoungana na mstari wa wima, kwa mfano kwenye n au b, hujikusanya donge jeusi. Herufi nzito iliyochorwa vizuri hufanya kinyume: hupunguza unene penye maungio, na huifanya mistari ya usawa, ile inayokwenda kutoka kushoto hadi kulia, iwe myembamba kidogo kuliko ya wima, kwa kuwa jicho letu huuona mstari wa usawa kuwa mnene zaidi hata kama vipimo ni sawa.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Wachoraji wa herufi nilizozitaja walipima kazi zao kwa lugha za kwao, na kila lugha huitesa herufi kwa namna yake. Kiswahili kinaitesa a. Maneno yetu huisha kwa irabu, na a imejaa katika viambishi, mwanzoni, katikati na mwishoni: haraka, salama, asante, barabara, wanawake, mabadiliko. Andika neno "barabara" kwa herufi nzito ya mlazo na utaona kwamba nusu ya bango lako ni a. Basi a ikiwa mbaya, bango zima ni baya, hata kama k na r zimechorwa na malaika.

Kuna a za aina mbili: ile ya kitabu, yenye mkunjo juu ya tumbo lake, na ile ya mkono, yenye duara na mstari mmoja ubavuni. Zinazofuata njia ya Gill Sans hutumia a ya mkono zinapolala. Zinazofuata njia ya Helvetica hubaki na a ya kitabu. Kwa ukurasa unaoshikwa mkononi sina ubishi na a ya mkono. Fonti ya Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma na ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, hutumia umbo hilo hata inaposimama wima, na ni uamuzi mzuri, kwa kuwa ndilo umbo ambalo mtoto hufundishwa kuandika. Lakini kwenye ukuta unaotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, au kwenye ubavu wa basi linalopita, a ya mkono iliyo nzito na iliyolala hukaribia mno kufanana na o. Mstari wake wa ubavuni humezwa na duara, na msomaji hubaki kukisia kwa maana ya sentensi. Kwa hiyo kwa mabango ya Kiswahili mimi huchagua fonti yenye a ya kitabu katika mlazo wake, na mteja akiniletea nyingine humwonyesha zote mbili zikiwa zimebandikwa mwisho wa ua, atazame mwenyewe kutoka langoni.

Nafasi kati ya herufi nayo ina matata yake. Neno "KWA" kwa herufi kubwa hukutanisha K, W na A, zote zikiwa na mistari ya mshazari. Herufi zikilala kulia, mstari wa kushoto wa A huinama zaidi na ule wa kulia husimama karibu wima. Kwa W mambo hubadilishana. Nafasi iliyokuwa sawa herufi ziliposimama haiwi sawa tena zinapolala, na anayejali huirekebisha kwa mkono. Ile alama katika "ng'ombe" na "ng'ambo" lazima ilale pamoja na herufi zenzake, tena iwe ya kupinda. Kijiti kilichosimama wima katikati ya neno linalokimbia ni dosari ninayoiona kila siku. Na kwa kuwa bango la Lubumbashi mara nyingi huchanganya Kiswahili na Kifaransa, alama ya juu ya É inapaswa kusogezwa kulia ili ifuate mlalo wa herufi iliyoibeba, la sivyo huonekana kama imeteleza nyuma.

Halafu kuna tarakimu. Nambari za simu za Kongo huanza na 08 au 09, yaani kila nambari tunayoichapa hubeba 0 pamoja na 8 au 9, ambazo ni miongoni mwa tarakimu zenye uwazi uliofungwa, zile ambazo uzito bandia huziziba kwanza. Duka lililolipia bango ili lipigiwe simu halifaidiki na 8 inayosomwa kama 0. Ninapoona tarakimu za fonti ni dhaifu, huandika nambari ya simu kwa herufi nzito iliyosimama wima na kuacha mlazo kwa jina la duka peke yake.

Umbo hili lina mahali pake panapolifaa kweli, na mahali hapo ni penye mwendo. Mabasi madogo ya abiria, malori yanayoelekea Likasi na Kolwezi au yanayoteremka mpaka Kasumbalesa, pikipiki, kampuni za kusafirisha vifurushi, fulana za mashabiki siku TP Mazembe inapocheza uwanjani kwake Kamalondo: hapa mlazo una maana, kwa sababu jicho linalosoma kutoka kushoto kwenda kulia huona herufi zikitangulia mbele pamoja nalo. Uzito nao una sababu yake ya kienyeji. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hufunika ubavu wa gari mpaka nusu, na maandishi membamba hupotea kabisa, ilhali mazito bado husomeka.

Lakini gari lina mbavu mbili, na wengi hulisahau hilo. Ukilitazama gari ubavu wa kulia, pua yake iko kulia kwako, na herufi zilizoinamia kulia huelekea kule gari linakokwenda. Ukilitazama ubavu wa kushoto, pua iko kushoto, ilhali maandishi bado yanasomwa kwenda kulia na herufi bado zinainamia kulia, yaani nyuma ya gari. Upande mmoja basi linakimbia, upande wa pili linaonekana kama limefunga breki. Wapo wanaojibu tatizo hilo kwa kuzilaza herufi kushoto. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu jicho letu halijazoea mlazo huo, ni familia chache sana za herufi zilizochorewa, na ukiupata kwa kitufe unarudi kwenye mapindo yaliyovimba niliyoyaeleza hapo juu, safari hii kwa upande wa pili. Ninachofanya ni kutumia herufi nzito za mlazo ubavu wa kulia na nzito zilizosimama wima ubavu wa kushoto, kutoka familia moja. Wenye magari wengine hushangaa mwanzoni, lakini gari likishasimama mbele yao hawadai nibadilishe.

Hapa niseme neno kuhusu wachoraji wa mabango kwa brashi, wale wa komini za Kenya na Katuba hapa hapa Lubumbashi, ambao baadhi ya vijana wenzangu huwadharau kwa kuwa hawana kompyuta. Mzee mmoja niliyejifunza kwake huchora kwanza mistari ya chaki iliyoinama, yote kwa mlalo mmoja, kisha hupitisha brashi bapa yenye upana wa mstari anaoutaka. Zingatia kinachotokea: upana wa brashi haubadiliki kwa sababu herufi imelala. Mkono ukipinda o, brashi hugeuka pamoja nao, na unene hubaki ule ambao jicho linautaka. Kasoro ambayo kompyuta huizaa, brashi haina njia ya kuizaa. Ndiyo maana bango la mzee huyo, lililochorwa juu ya ukuta wa saruji usionyooka, huwa na o iliyo nzuri kuliko o za mabango mengi ya turubai yaliyotoka kwenye mashine za bei ghali.

Mashine zetu nazo zina masharti. Kwenye mashine ya kukata vinili ya kubandika, kisu hupita kwenye mpaka wa herufi, na penye kona nyembamba kati ya mstari wa wima na duara vinili hupasuka wakati wa kung'oa mabaki, hasa ikiwa kona imelala. Kwa hiyo maungio ya n, m na r ninayatazama kabla ya kukata. Kwenye fulana, wino unaopitishwa kwenye wavu husambaa kidogo ndani ya kitambaa na kuziba uwazi wa a na e. Dawa yake inajulikana tangu zamani: Matthew Carter, alipochora Bell Centennial iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya simu vya kampuni ya AT&T ya Marekani, alizitoboa kona za ndani za herufi ili wino ukisambaa ujaze pengo hilo badala ya kuiziba herufi. Kwa fulana mimi hufungua kona hizo kidogo tu, na uwazi hubaki.

Mahali ambapo siitumii sura hii pako wazi kwangu. Siitumii kwa tangazo la msiba, hata familia ikiniomba. Huwaeleza kwa upole kwamba jina la marehemu halihitaji kukimbia. Siitumii kwa maelezo ya dawa wala kwa ilani ya afya, ambako msomaji anapaswa kusimama na kusoma kila neno. Siitumii kwa aya nzima, kwa sababu mkazo hutokana na tofauti, na aya yote ikiwa nzito na imelala hakuna neno lililotiliwa mkazo. Ndani ya kitabu ina kazi ndogo lakini ya kweli: katika kamusi, neno linaloelezwa likiwa zito na mifano ikiwa ya mlazo, basi misemo iliyo chini ya neno inaweza kupewa nzito ya mlazo, na msomaji huitambua bila kuelezwa.

Kabla ya kulipia bango, mtu anaweza kupima mwenyewe kama amepewa herufi iliyochorwa au iliyobonyezwa. Mwulize mchapaji akuonyeshe faili ya fonti. Familia kamili kwa kawaida huwa na faili nne angalau, na ya nne ni ya nzito ya mlazo: kwa Arial kwenye Windows ni arialbi.ttf, kwa Verdana ni verdanaz.ttf. Faili ikiwa moja tu, mara nyingi mengine yote yametungwa na programu. Kisha mwombe aandike neno "mabadiliko" kwa ukubwa unaojaza kioo cha kompyuta, utazame o ya mwisho, ulinganishe unene wa upande wake wa juu kulia na ule wa juu kushoto, halafu utazame kama ndani ya kila a bado kuna mwanga. Mwisho mwombe aandike nambari yako ya simu, urudi nyuma mpaka mlangoni, uisome kwa sauti.